DJ au laivu? Namna ya kuwapanga na kuwapima kwenye pati ya tekno ufukweni Mwanza

Mtu akitoka kwenye pati ya tekno, muziki wa dansi unaotengenezwa kwa mashine, akikwambia "laivu ilipoa, DJ ndiye aliyetuamsha", muulize mambo matatu kabla hujamkubalia. Laivu ilipigwa saa ngapi? Msanii alipewa muda gani wa kujaribu mitambo? Na sauti yake ilikuwa chini kiasi gani ukilinganisha na ya DJ aliyemtangulia? Mara nyingi kisa kiko humo, na mwenye kosa ni mwandaaji. Mwongozo huu ni wa mwandaaji anayetaka kuwaweka wote wawili usiku mmoja pembeni ya Ziwa Victoria, na wa msikilizaji anayetaka kuwapima kwa haki.

Nani anafanya nini mezani

DJ anacheza nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, nyingi zikiwa za watu wengine. Kazi yake ni kuchagua, kuunganisha, na kuisukuma hali ya watu taratibu kwa saa 2 au zaidi. Mpiga laivu anaujenga muziki wake mwenyewe palepale kwa mashine ya midundo, sinthesaiza (chombo cha kuunda sauti kwa umeme), sikwensa (kifaa kinachorudia mapigo yaliyopangwa), au kompyuta yenye programu kama Ableton Live, kwa dakika 45 hadi 75. Usitegemee bendi yenye magitaa na mwimbaji. Kwa kawaida ni mtu mmoja na meza iliyojaa vikasha na nyaya.

Mpaka kati yao ni mwembamba tangu zamani. Roland ilitoa mashine ya midundo TR-808 mwaka 1980, TB-303 ya besi mwaka 1981 na TR-909 mwaka 1983, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya tekno. Vijana wa Detroit nchini Marekani, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikuwa wakipiga muziki kama madijei na wakitunga kwa mashine za aina hiyo. Jeff Mills, naye wa Detroit, amejulikana kwa kuiweka TR-909 pembeni ya mashine zake za kuchezea muziki na kuipiga kwa vidole katikati ya seti. Huyo utamwita nani?

Kwa hiyo usiandike "laivu" kwenye bango kabla hujamuuliza msanii anapiga nini hasa. Kuna anayefungua kompyuta yenye nyimbo nzima zilizokamilika na kugusa efekti tu. Hiyo ni pleibeki, na Watanzania wamebishana kuhusu pleibeki miaka mingi kiasi kwamba wataigundua. Kuna anayeleta vipande vilivyotenganishwa, yaani dramu peke yake, besi peke yake, melodi peke yake, kisha anavipanga upya jukwaani. Kuna mwenye mashine zilizoandaliwa mapigo mapema ambaye huyabadilisha kwa mkono. Na kuna anayeanza na ukimya, nyaya za sinthesaiza ya moduli, ile ya vipande vinavyounganishwa kwa nyaya, mikononi. Swali moja linatosha kuwatenganisha: "Nikikuomba uvute kipande hiki dakika 3 zaidi kwa sababu watu wamekipenda, utaweza?" Anayesema hapana, mlipe na umtangaze kama DJ.

Umeme kwanza

Hapa ndipo DJ na laivu wanapoachana kabisa. Umeme ukikatika sekunde 5, DJ anasubiri mashine zake ziwake, anachagua wimbo, mambo yanaendelea. Mpiga laivu anaweza kupoteza mapigo aliyoyabadilisha bila kuyahifadhi, mashine zake zinarudi kwenye mpangilio wa mwanzo, na kompyuta iliyobaki hai kwa betri inapiga bila kifaa cha sauti (kile kinachotoa sauti ya kompyuta kwenda kwenye mitambo) kwa kuwa kimezimika. Kurudi alipokuwa kunaweza kumchukua dakika 5, na dakika 5 za ukimya saa 5 usiku zinatosha watu kwenda kutafuta mishikaki na wasirudi.

Weka UPS (betri ya akiba) ya VA 650 hadi 1000 kwa ajili ya meza ya laivu tu. Mashine za midundo, sinthesaiza ndogo na kompyuta kwa pamoja kwa kawaida hazifiki wati 150, hivyo UPS ya namna hiyo inavusha dakika za kuwasha jenereta. Usichomeke spika wala amplifaya kwenye UPS. Umeme zinaouvuta unapanda na kila pigo la dramu na UPS itajizima. Umeme ukikatika, kazi ya kwanza ya fundi mitambo ni kushusha sauti kuu hadi sifuri, ndipo jenereta iwashwe. Spika zinazoamka katikati ya pigo zikiwa zimefunguliwa zote huweza kuchana koni za sabufa, yaani spika za besi.

Jenereta ya muziki isibebe friji ya vinywaji. Kila mara friji inapoanza kuzunguka, volti hushuka kwa muda mfupi, na kifaa cha sauti cha kompyuta huweza kukatika. Panga mzigo usizidi asilimia 70 ya uwezo wa jenereta.

Angalia na unene wa waya. Ufukwe mara nyingi uko mbali na soketi. Mita 50 za waya wa milimita 1.5 za mraba zikibeba ampea 10 hupoteza volti 12 hivi njiani. Wa milimita 2.5 hupoteza kama volti 7. Ukitumia ekstensheni ya kuviringisha, ifungue yote. Ikiachwa imeviringwa chini ya mzigo mkubwa, joto linajikusanya na waya unaweza kuyeyuka.

Halafu kuna adapta. Vifaa vipya vingi vimeandikwa 100–240V na havina shida na volti 230 zetu. Mashine za zamani zilizonunuliwa Japani au Marekani ni za volti 100 au 120, zinahitaji transfoma ya kushusha. Soma maandishi ya nyuma ya kila kifaa mwenyewe. Usikubali jibu la "huwa inafanya kazi".

Mlio wa "zzzz" kwenye spika

Ukitokea wakati laivu inaunganishwa, chomoa chaja ya kompyuta. Mlio ukikoma, tatizo ni njia mbili za ethi zinazokutana kupitia USB na waya wa sauti. Dawa ni DI boksi, kikasha cha kuunganishia sauti, yenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti, kati ya kifaa cha sauti na mixa (meza ya kuchanganya sauti). Kuna mafundi wanaovunja pini ya ethi kwenye plagi ili mlio ukome. Mfukuze mtu huyo mezani: kwenye mchanga wenye unyevu, ethi ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme.

Kwa nini laivu husikika dhaifu

Nyimbo anazocheza DJ zimeshapita kwa fundi wa kumalizia rekodi, zimebanwa na kupandishwa. Tekno ya siku hizi hukaa kwenye LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti) -8 au hata -6. Mashine ya midundo inayotoka moja kwa moja mezani haijabanwa. Wastani wake unaweza kuwa -14 au chini zaidi, ingawa vilele vyake ni vilevile. Pengo la desibeli 6 hadi 8 ni kubwa mno: desibeli 10 ndizo sikio huzihesabu kama sauti maradufu. Mtu anayecheza dansi hajui hayo. Anachojua ni kwamba mwili wake umeacha kutikisika.

Pengo hilo linazibwa na watu watatu, kila mmoja kidogo.

DJ anayetangulia anashusha sauti yake desibeli 3 katika dakika 15 za mwisho, polepole, hakuna atakayegundua. Hapa nidhamu inahitajika, maana madijei wengi hufanya kinyume: wanamaliza taa za mixa zikiwa nyekundu. Waambie mapema kwamba taa zikae kijani, manjano iguswe tu kwenye vilele, na fundi awe na ruhusa ya kuwashusha.

Mpiga laivu anaweka kompresa, kifaa cha kubana sauti kubwa, kwenye mkondo wake wa mwisho, uwiano wa 2:1, ikibana desibeli 2 hadi 3, na baada yake limita, inayozuia sauti isipite kiwango, yenye dari ya desibeli -1. Asizidishe. Akibana sana, dramu ya besi inapoteza ule mgongano wa mwanzo wa pigo, na hicho ndicho alichonacho ambacho rekodi ya DJ haina.

Fundi anamalizia kwa kupandisha chaneli ya laivu. Ndiyo maana chaneli hiyo iende kwenye mixa kubwa ya ukumbi, isipitie mixa ya DJ. Ikipitia mixa ya DJ, mtu mwingine anaweza kugusa kitufe cha besi bila kujua, na fundi hana pa kuwatofautisha.

Jambo moja zaidi kuhusu besi. Mitambo mingi ya kukodi hufungwa mono, yaani spika zote zinatoa sauti moja, si stirio yenye kushoto na kulia tofauti. Sinthesaiza yenye besi pana ya stirio ikiingizwa mono, pande mbili hufutana na besi inatoweka. Msanii aziweke mono sauti zote zilizo chini ya hezi 120 kabla hajafika. Wakati wa majaribio, fundi abonyeze mono. Kitu kikipotea, kitengenezwe hapo hapo.

Sabufa, monita na meza

Nje hakuna kuta za kurudisha besi. Sabufa mbili zikiwekwa pamoja katikati, chini ya jukwaa, hutoa besi ya nguvu na iliyo sawa kwa watu wote. Zikitenganishwa kushoto na kulia, kunakuwa na mistari ambako besi ni nyingi na mingine ambako hakuna kitu. Kwenye mchanga ziweke juu ya mbao imara.

DJ anaweza kuvumilia monita mbaya (spika inayomwelekea msanii mwenyewe) kwa sababu ana hedifoni. Mpiga laivu anayegusa midundo kwa vidole hawezi. Akitegemea spika zilizo mita 10 kutoka alipo, sauti inamfikia baada ya milisekunde 29. Kwa kasi ya BPM 132, yaani mapigo 132 kwa dakika, hatua moja ya sikwensa (robo ya pigo) ina milisekunde 114, kwa hiyo anachelewa robo ya hatua kila anapogusa. Mpe monita moja ndani ya mita 1.5.

Meza ziwe mbili. Mashine mbili za CDJ (za DJ kuchezea nyimbo) na mixa huchukua upana wa mita 1 hivi. Laivu inahitaji meza yake ya sentimita 180 kwa 70, kimo sentimita 90 hadi 100, isiyotikisika. Laivu inapangwa na kujaribiwa mchana, kisha inafunikwa kwa kitambaa na haiguswi hadi zamu yake. Kujaribu kunahitaji dakika 45 hadi 60. DJ anamaliza kwa dakika 10, na mara nyingi shida yake pekee ni flashi: iwe na mfumo wa FAT32, kwa kuwa CDJ za zamani hazisomi exFAT, ziwe mbili zenye nyimbo zilezile, na nyimbo ziwe MP3 za 320 au WAV ya kawaida. FLAC inasomeka kwenye CDJ-2000NXS2 ya mwaka 2016, lakini haisomeki kwenye CDJ-2000 ya kwanza ya mwaka 2009. Uliza ni toleo gani limekodiwa.

Mpangilio wa usiku

Usianze na laivu, na usimalize nayo. Ikianza saa 12 jioni watu bado wanaagiza sato. Ikiwekwa mwisho, msanii amekaa kwa muda wa saa 6 akiangalia vifaa vyake vikipata umande. Mpangilio unaofaa Mwanza:

Saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, DJ wa kwanza, BPM 118 hadi 124. Wengi wanaofika wametoka kwenye amapiano ya 112 au 113, wapandishe kutoka hapo. Saa 2 hadi saa 4, DJ wa pili, 126 hadi 132. Saa 4 hadi saa 5, laivu. Saa 5 hadi muda wa kibali chako unapoisha, DJ wa kufunga.

DJ wa kufunga ana silaha ambayo mpiga laivu hana: anaweza kugeuza mwelekeo wa usiku kwa wimbo mmoja. Singeli ya BPM 264 inakaa sawasawa juu ya tekno ya 132, kwa kuwa ni mara mbili kamili. Ukiondoa besi ya mmoja, nyingine inaingia bila mtu kujikwaa. Mpiga laivu amebeba dakika 60 za sauti zake mwenyewe, na watu wakizikataa hana kabati la nyimbo la kukimbilia. Ndiyo maana asiwekwe mbele ya watu baridi.

Kama huna mpiga laivu wa kuaminika, anza na mchanganyiko: DJ mwenye mashine moja ya midundo kwenye chaneli ya tatu. Gharama ni ndogo, na hata mashine ikizima muziki haukatiki. Kwa pati ya watu 100 au 150, kwa maoni yetu, huo ndio uamuzi bora kuliko laivu kamili iliyoandaliwa nusunusu.

Kukabidhiana

Hapa ndipo pati nyingi hukatika. Njia ya salama haihitaji kulinganisha mapigo: DJ anamaliza na wimbo wenye mwisho mrefu, anaondoa besi, laivu inaingiza sauti pana ya sinthesaiza isiyo na midundo juu yake, wimbo unaisha, halafu dramu ya laivu inaanza kwa kasi yoyote. Ukitaka mdundo usikatike, DJ afunge kasi kwenye 132.0 kwa nyimbo 2 za mwisho. Mpiga laivu, akiwa na hedifoni, abonyeze kitufe cha kuanza kwenye pigo la kwanza, alete hi-hati (mlio mwembamba wa visahani vya dramu) peke yake, asukume mbele au nyuma hadi zikae pamoja. Wape mizunguko 32 ya mapigo manne. Kwa 132 hiyo ni sekunde 58. Usitegemee sana saa ya MIDI, ishara ya kasi inayopelekwa kwa waya, kutoka mixa ya DJ. Mixa ikisoma kasi ya wimbo kimakosa, mashine za laivu zitakimbia nayo mbele ya watu wote.

Ziwa lenyewe

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo majaribio ya saa 10 jioni hayakwambii sauti itakuwaje saa 4 usiku, hasa zile za juu. Fundi apime tena DJ wa kwanza akiwa anapiga. Elekeza spika ziwani, watu wakiwa kati ya spika na maji, ili makazi ya vilimani, kama Bwiru au Capri Point, yasibebe mzigo wote. Lakini maji tulivu husafirisha sauti mbali, na ghuba ya Mwanza si pana. Upande wa Kamanga nao ni watu wanaolala. Besi haielekezwi kirahisi, inazunguka nyuma ya spika, kwa hiyo kushusha sabufa saa 6 usiku ndiyo dawa ya uhakika zaidi. Taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, inayojulikana zaidi kama NEMC, hushughulikia malalamiko ya kelele, na mwenyekiti wa mtaa ndiye wa kwanza kupigiwa simu: mtembelee wiki moja kabla.

Wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga mweupe. Wakiingia kwenye nafasi za vitelezi vya mixa na kwenye feni ya kompyuta, laivu iko hatarini kuliko DJ kwa sababu ina matundu mengi zaidi. Meza iwe na taa ya rangi ya kaharabu au nyekundu, na taa kubwa nyeupe iwekwe mita 20 pembeni iwavute. Watu waione mikono ya mpiga laivu. Wasipoiona, nusu ya sababu ya kumleta imepotea. Zima Wi-Fi ya kompyuta, weka bafa (akiba ndogo ya sauti kwenye programu) ya sampuli 256, na kompyuta uiweke mbali na jua wakati wa majaribio, maana kompyuta iliyopata joto hupunguza kasi na sauti huanza kukatikakatika.

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba vinahitaji turubai juu ya meza zote mbili. Kama pati yako iko karibu na mwalo, wanakoshukia wavuvi, angalia mwezi pia: wavuvi wa dagaa huenda na taa zao usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwaka, hivyo usiku wa mwezi mpevu ndio vijana wengi wako nchi kavu.

Kupima kwa haki

Wagika na Wagalu wa Usukumani hushindana ngoma kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na umati ukihamia kwa mmoja mshindi amejulikana. Kipimo hicho kina haki kwa sababu saa ni ileile na ardhi ni ileile. DJ na laivu hawapigi kwa wakati mmoja, kwa hiyo idadi ya watu waliokuwa wanacheza inakwambia zaidi kuhusu saa kuliko kuhusu msanii.

Kwa DJ, sikiliza kama wimbo unaofuata unaufanya uliopita ueleweke zaidi, kama besi mbili zinagombana wakati wa kuunganisha, na kama dakika ya 90 iko mahali tofauti na dakika ya 10. Kwa laivu, shika sauti moja, tuseme hi-hati, na uifuate dakika 5: inabadilika kwa sababu mtu ameigusa, au inajirudia ilivyopangwa? Pigo lililokosewa na kurekebishwa lisimpunguzie alama. Kinachompunguzia ni dakika 8 za kitu kilekile akiwa ameinama anatafuta waya.

Rekodi seti zote mbili moja kwa moja kutoka mixa kubwa. Kesho yake zilinganishe sauti ndani ya desibeli 1 kabla ya kusikiliza, kwa sababu sikio hupendelea chenye sauti kubwa hata kama ni kibaya. Laivu iliyoonekana dhaifu usiku ikisimama vizuri kwenye rekodi iliyosawazishwa, mwite tena msanii na umbadilishe fundi. Ikibaki dhaifu hata hapo, mtumie rekodi yake, umwonyeshe dakika zenyewe.